Na Mimi Nichote Gololi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti la mvua, tochi, na kopo la maziwa ya unga lililojaa gololi. Koti na tochi nilivielewa. Kopo nililiangalia, nikamwangalia aliyenipa, nikadhani ananifanyia mzaha kwa sababu mimi ni mwanamke na geti lile halikuwahi kuwa na mlinzi mwanamke. Ilikuwa Makongolosi, kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, yaani kuitenganisha na mawe yaliyosagwa. Aliyenipa kopo alikuwa Mkuu wa Ulinzi, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, na mzaha haukuwa kwenye damu yake.

"Humo ndani kuna gololi nyeupe na nyekundu," alisema. "Kila anayetoka anaingiza mkono bila kuangalia, anachota moja. Ikiwa nyeupe, anapita. Ikiwa nyekundu, unampekua kuanzia nywele mpaka nyayo. Asije mtu akalalamika kwamba unamwonea. Gololi ndiyo imemchagua."

"Na kama ni mtu mwema, Afande?"

"Mtu mwema ndiye nani? Mimi getini naona watu wanaotoka. Basi."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo mna kamera na mashine ya kupita ikalia pii. Sisi tulikuwa na mikono. Upekuzi una adabu yake: mkono haushiki, unateleza, sehemu za heshima unatumia mgongo wa kiganja, si vidole. Unaanza kwenye kola, unashuka kwenye mapindo ya nguo, kwa sababu pindo ndilo ghala la mwizi. Halafu soli. Na wakati mikono inateleza, macho yako yasiwe kwenye begi, yawe kwenye shingo ya mtu. Mwizi anaweza kuufundisha uso wake kutabasamu, lakini koo litameza mate tu. Mwanamke anampekua mwanamke, mwanamume anampekua mwanamume, na vyombo na mizigo anakagua yeyote aliye zamu.

Kazi hii inakuingia mwilini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikimkumbatia anahisi kuna kitu nakitafuta. Sikumkatalia. Mpaka leo mjukuu akiniletea chai bila kuombwa, najiuliza amevunja nini huko jikoni.

Lakini kuna sababu nyingine ya mashaka yangu, na hiyo niliificha kazini karibu maisha yangu yote. Kiti changu cha Makongolosi kilikuwa karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na sikio langu la kushoto ndilo lililoelekea huko. Hatukupewa vya kuziba masikio. Karasha likanguruma mwaka hadi mwaka, na siku moja nikagundua kwamba upande wa kushoto wa dunia umenyamaza. Kimya. Mtu akisimama huko akanisalimia, kwangu ni sawa na mti.

Nani angeajiri mlinzi mwenye sikio moja? Nikanyamaza na mimi. Watu wakasema, "Yule mama anajivuna, haitikii salamu." Wakinong'ona kushoto kwangu, nilikuwa na hakika wananisema, na kwa kuwa sikusikia walichosema, nilikitunga mwenyewe, na nilichokitunga kilikuwa kibaya kila mara. Jamani, ukiwa husikii nusu ya maneno, utawashuku watu wote.

Baadaye kampuni yetu ya ulinzi ilinihamishia Madibira, kwenye kinu cha mpunga. Huko mchele ulitoka kwenye vilemba, kwenye viatu vya mvua, na kwa mama mmoja ulitoka kwenye ujauzito ambao haukuwa ujauzito. Msimamizi wa Kinu alicheka mpaka akakaa chini. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mjamzito kweli, na alinitukana kwa Kisangu kwa jinsi nilivyomkagua. Nilimwelewa vizuri ingawa lugha yenyewe siijui.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Iringa, kwenye kiwanda cha mbegu za mahindi, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Kilolo. Nilidhani nimepumzishwa. Nani aibe mahindi mkoa ambao kila mtu analima mahindi? Hapo nilionyesha ushamba wangu. Kiwandani kulikuwa na ile wanayoiita mbegu mama, mbegu ya kuzalishia mbegu nyingine, na hiyo haiuzwi dukani kabisa. Kuna watu huko nje wanapakia mbegu bandia kwenye mifuko mizuri, na kwao kiganja kimoja cha mbegu mama ni mtaji. Inapakwa dawa ya rangi nyekundu, kwa hiyo panya na ndege hawaitaki. Ukiishika, vidole vinabaki na wekundu mpaka kesho.

Nilikwenda na kopo langu la gololi. Afisa Usalama wa kiwanda, kijana wa kutoka chuo, mtu wa heshima, alilipenda. Meneja naye akalikubali, ila akatoa masharti. "Mimi nitapita na gari langu moja kwa moja," alisema. "Na Festo msimsumbue."

"Festo ndiye nani, Meneja?"

"Utamwona. Utaelewa mwenyewe."

Nilimwona jioni ileile. Festo alikuwa mshonaji wa midomo ya mifuko, kazi ya kukaa, na miguu yake ilipoozwa na polio tangu utotoni. Alikuja na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ambayo pedali zake ziko juu na zinazungushwa kwa mikono. Foleni yote ilimpisha. "Festo apite, Festo apite." Mlinzi mwenzangu akafungua geti lote kama linavyofunguliwa gari la Meneja. Basi kiwanda kizima watu ambao hawakugusa kopo walikuwa wawili: mmoja kwa sababu ya cheo, mwingine kwa sababu ya huruma.

Mimi huruma ya getini siipendi. Lakini amri ni amri, nikafungua.

Msidhani Festo alikuwa malaika. Alikuwa mbishi huyo! Timu yake ikifungwa, alinuna mpaka katikati ya wiki. Alikuwa bahili wa karanga zake, alijifanya hajui kuimba ili asipangiwe kwaya, na alikuwa na ulimi. Ila watu hawakumjibu. Akimkera mtu, yule mtu alitabasamu kwa upole na kuondoka, na niliona jinsi jambo hilo lilivyomchoma kuliko tusi. Kwangu alikuwa na tabia moja iliyonitia wasiwasi: hakunisemesha akiwa kushoto kwangu hata siku moja. Alizungusha baiskeli mpaka upande wa kulia, ndipo anasema, "Kamwene, mama." Nikajiuliza, huyu ananizunguka ana nini?

Kutoka getini, njia inapanda mlima mpaka kwenye lami. Festo kuupanda mlima ule kwa mikono ilikuwa adhabu, kwa hiyo kila jioni alisukumwa na Baraka, mpakiaji wa ghalani, baba mtu mzima, mwanakwaya, mpole. Hakudai asante. Watu walimsifu mpaka kanisani. Wakifika juu, kwenye kibanda cha maziwa, Festo alikwenda kushoto kwenye tambarare, peke yake, na Baraka alikwenda kulia.

Mbegu mama ikaanza kupungua. Nikaongeza gololi nyekundu kwenye kopo, nikapekua mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi ya Iringa. Hakuna kitu. Halafu zikanyesha mvua za kwanza, na baada ya mvua hizo Afisa Usalama akaniita nje ya geti.

"Mama, tazama chini."

Mahindi yalikuwa yameota njiani. Si mengi, mche hapa, mche pale, lakini yalipanda mlima kama yanakwenda safari. Afisa aling'oa mmoja akanionyesha ganda la mbegu kwenye mizizi. Lilikuwa jekundu. Kuna mfuko uliokuwa ukivuja kidogo kidogo, na kilichovuja kiangazi kilingojea mvua ili kitoe ushahidi. Na miche yote ilikuwa katikati ya alama za matairi. Tairi moja kushoto, moja kulia, moja mbele.

"Ndiyo hivyo," alisema kwa masikitiko. "Baiskeli pekee isiyopekuliwa."

Meneja alituita ofisini wawili. Alikuwa ameshika kichwa. "Huyu tukimpeleka polisi watu watatusemaje? Tumuachishe kwa upole. Mwambieni kazi imepungua, mwisho wa mwezi apumzike. Kwa hali yake, itaeleweka."

"Mmemuuliza mwenyewe?" nikasema.

"Mtu kama yule utamuulizaje, mama? Atalia."

"Festo? Alie?" Nilitaka kucheka. "Festo atakutukana, Meneja, ndicho atakachofanya."

Nisikilizeni vizuri hapa. Sikusema kwamba Festo hakuiba. Asiyetembea anaweza kuiba sawa na anayetembea. Mikono anayo, na tamaa hakuna polio iliyowahi kuipooza. Nilichokitilia shaka ni wepesi wa mambo. Jioni nikapanda mlima kwa miguu nikifuata miche. Ilifika mpaka kibanda cha maziwa. Nikakata kushoto, njia ya nyumbani kwa Festo, nikaenda mpaka mgongo ukauma: hakuna hata mche. Nikarudi, nikakata kulia. Pembeni ya ukuta wa kibanda kulikuwa na mche mmoja, na mbele kidogo mwingine.

Nikaanza kumkumbuka Baraka getini. Alichota nyekundu mara nyingi, na kila mara alikuwa mtupu kupita kiasi. Mfanyakazi mwingine ukimpekua unakuta leso, ufunguo, kipande cha muhogo, picha ya mtoto. Baraka hakuwa na kitu hata kimoja mfukoni, na alinyanyua mikono kabla sijamwambia mwenzangu wa kiume ampekue. Na baiskeli ya Festo ilishinda wapi mchana? Kivulini, kwenye mlango wa ghala la Baraka.

Lakini mashaka si ushahidi. Ningesema nini kwa Meneja? Kwamba namshuku mwanakwaya kwa sababu ana mifuko mitupu?

Ijumaa Afisa akamweleza Festo habari ya kazi kupungua. Jioni foleni ilikuwa ndefu, na watu wakapisha kama kawaida. Festo akaja mpaka katikati ya geti, akavuta breki, akaikingamisha baiskeli. Baraka alikuwa nyuma yake, ameshika mgongo wa kiti.

"Sipiti," Festo alisema. "Leo na mimi nichote gololi."

"Festo, pita baba, watu wamechoka," mwenzangu akambembeleza.

"Wamechoka nini? Kuninong'ona? Nimesikia ghalani wanasema mbegu inatoka na mimi. Mbele yangu wananichekea, wananipisha njia! Nitajiteteaje na hamjawahi kunigusa? Huruma yenu ndiyo itakayonifunga mimi! Mama, lete kopo. Na hata nikichota nyeupe, nipekue."

Mimi nilimtazama Baraka shingoni. Koo lilipanda, likashuka.

"Mama, mwache jamani," Baraka akasema, "ndugu yetu amechanganyikiwa na habari za leo. Tupite zetu." Na mikono yake ilikuwa imeshaachia kiti, yuko tayari kurudi nyuma.

Nikajua mzigo uko hapo hapo. Chini ya kiti, mahali ambapo Festo akishapanda hawezi kupaona. Nikiingiza mkono nitaupata, na nikiupata mbele ya watu wote wale, ni wa nani? Ni wa mwenye baiskeli. Nani angenisikiliza nikianza kusimulia habari ya mche mmoja pembeni ya kibanda?

Miaka yangu yote sikuwahi kumkatalia mtu anayeomba kupekuliwa. Siku ile nilifunika kopo kwa kiganja.

"Pita, Festo."

Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo, na wezi wamenitazama wengi. "Hata wewe?" alisema. "Hata wewe, mama?" Akaachia breki. Baraka akamsukuma mlimani, akiimba.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwake. Mkewe alinikaribisha vizuri, Festo hakunikaribisha. Alikuwa uani kwenye mkeka, anabandika kiraka kwenye tairi la ndani.

"Umekuja kunipa pole?"

"Sikuja na pole. Nimekuja na maneno mabaya."

"Basi kaa upande huu," akasema bila kuinua kichwa, akigonga mkeka kushoto kwake. "Sikio lako zima liwe kwangu."

"Sikio gani? Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Nakuona. Wakikusalimia kushoto hugeuki. Ukitaka kumsikia mtu unampa shavu la kulia. Mimi nimetazamwa mwili wangu tangu utotoni, mama, nitashindwaje kuutazama wa mwenzangu? Nilijua tangu mwezi uliofika."

"Na ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Sikio ni lako."

Huyo ndiye mtu aliyekuwa akinizunguka mpaka upande wa kulia. Nami nilimwona ana njama. Hata pale mkekani, tabia ya kazi haikuniacha. "Umenyamaza kwa sababu gani? Unataka nini kwangu?"

Ndipo alipocheka, mara ya kwanza siku ile. "Mwe! Mwanamke wewe una mashaka. Nataka gololi. Ndicho nilichokuomba Ijumaa ukaninyima."

Nikamweleza yote: miche, alama za matairi, ofisi ya Meneja, kibanda cha maziwa, koo la Baraka. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika polepole. Hakukasirika kwanza. Aliumia. "Baraka ndiye aliyembeba mwanangu kwenye ubatizo," alisema. Kisha akasema, "Kuna siku kiti kinagonga nikipita kwenye mawe. Nilidhani ni bolti." Akaitazama baiskeli kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake.

"Inawezekana pia mko pamoja," nikamwambia usoni. "Sijaifuta hiyo."

"Usiifute," alisema, na nakwambieni alifurahi. "Nishuku vizuri. Ila uwepo pale juu kesho jioni, uje na Afisa. Mimi nitakaa kimya kama gunia, kama walivyozoea."

Jumatatu nilimwambia Afisa Usalama kila kitu, isipokuwa habari ya sikio. Alisita, kisha akachukua koti lake. Tukaketi ndani ya kibanda cha maziwa, vikombe mkononi, tukitazama njia kupitia kwenye upenyo wa mbao. Kama nimekosea, Festo amekwisha, na sababu itakuwa mimi.

Wakatokea. Baraka anasukuma, jasho linamtoka, anaimba. Walipofika juu akasema kwa sauti ya upole, "Subiri nikutazamie mnyororo," akachuchumaa nyuma, akapitisha mkono chini ya kiti. Na Festo, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama amesinzia, akashusha mkono wake nyuma akamdaka kifundo cha mkono.

Ule mkono unazungusha pedali kila siku ya Mungu. Baraka alivuta, akavuta tena, baiskeli ikasogea naye. Katika vidole vyake alikuwa ameshika kifuko cha kiroba kilichotoboka pembeni, na mbegu nyekundu zilidondoka moja moja kwenye tope.

"Festo, niache! Ndugu yangu! Miaka yote nimekusukuma mlima huu!"

"Ulikuwa unausukuma mzigo wako," Festo alisema. Alikuwa analia. Meneja alikuwa sahihi kwa hilo, ila hakuijua sababu.

Afisa akampigia polisi simu palepale. Ghalani, nyuma ya magunia, walikuta vifuko vingine vya namna hiyo, vimeshonwa kwa uzi wa nyumbani, na Baraka akakiri. Kilichonishangaza ni watu. Wengi walimsikitikia Festo: sasa nani atamsukuma? Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje kumpoteza rafiki.

Meneja, kwa moyo wake mwema usio na breki, akataka kufanya sherehe. Alikusanya wafanyakazi uwanjani, akaanza kusema Festo ni mfano wa kuigwa, pamoja na hali yake, pamoja na changamoto zake. Festo alimwacha afike mbali kidogo, kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Meneja, sherehe sitaki. Mimi si mfano, mimi ni mshonaji. Nirudishie kazi yangu, na jioni nichote gololi kama hawa."

"Lakini Festo, sisi tulikuwa tunakuheshimu..."

"Wewe ndiye unayeheshimiwa," nikadakia, sijui ujasiri nilitoa wapi, "na wewe pia kopo halikujui. Njia zilizokuwa wazi ni mbili, Meneja. Mwizi alitumia moja tu kwa sababu gari lako lina kufuli."

Uwanja mzima ukashika mdomo. Meneja akanitazama, akamtazama Festo. Kisha akacheka, na jioni ile alisimamisha gari, akashuka, akachota. Nyeupe. Festo akachota nyuma yake. Nyeupe vilevile, na akakasirika kweli: "Kopo gani hili linapendelea!"

Siku chache baadaye akachota nyekundu. Aliinyanyua juu watu waione. Mwenzangu wa kiume akamsaidia kushuka na kukaa kwenye benchi, akampekua kola, mapindo, nyayo za viatu ambavyo havijawahi kukanyaga chini. Mimi nilikagua baiskeli: kiti, mrija wa fremu, mpaka ndani ya kengele. Nilichukua muda wangu. Foleni nyuma ikaanza kuguna, mara mtu akapiga kelele, "Festo, unatuchelewesha bwana! Tuna safari!"

Ningetamani mngeuona uso wake. "Vumilieni!" akawajibu. "Kwani ninyi mkipekuliwa mimi huwa nasema?" Mtu akamjibu vibaya, naye akajibu vibaya zaidi, na hakuna aliyetabasamu kwa upole. Mlima tulimtengenezea njia ya kuzunguka, ndefu kidogo lakini haina mwinuko mkali, ambayo mwenyewe aliiomba mwaka wa kwanza kazini na kila mtu akamwambia usijali, utasukumwa.

Jioni hiyohiyo nilimfuata Afisa Usalama nikamwambia habari ya sikio. Nilikuwa nimekwisha funga virago kichwani.

"Kwa nini hukusema siku zote, mama?"

"Ungeniajiri?"

Alifikiri. Namheshimu mpaka leo kwa sababu hakunidanganya. "Labda nisingekuajiri," alisema. "Ningekosea." Akaniuliza ninahitaji nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Tukatoka getini tukatazama pamoja, na mwisho tukahamisha kiti changu kutoka upande huu wa geti kwenda upande ule, foleni ikawa kuliani kwangu. Kazi ya dakika moja. Watu wakaanza kusema mama siku hizi amebadilika, anaitikia salamu.

Sasa nipo nyumbani Uyole, nimestaafu, napalilia viazi. Vijana wa ulinzi huja kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia shuku, mwanangu, shuku bila aibu. Ila shuku watu wote sawasawa, mmoja mmoja, kwa mambo yake mwenyewe. Usimshuku mtu kwa mguu wake wala usimwachie kwa mguu wake. Ukimwona mtu haitikii salamu, kabla hujamwita mjivuni, zunguka upande wa pili umsalimie tena. Na mtu mwema kupita kiasi, ambaye mfukoni hana hata leso, naye mtazame.

Siku ya kuagwa walinipa kitenge, thermosi na birika, nikawaambia ndaga fijo, asanteni sana. Nikafika getini jioni na mzigo wangu. Binti aliyepokea nafasi yangu alikuwa ameshika lile kopo. "Pita tu, mama," akasema. "Wewe leo ni wa kupita tu."

"Kwa nini nipite tu?" nikamuuliza. "Nimezeeka? Ama kwa sababu ya sikio?"

Akaona haya, akanisogezea kopo. Nikaingiza mkono, nikachota, nikafungua kiganja: nyekundu. Binti akanipekua vizuri, kola, mapindo, nyayo, akafungua thermosi akachungulia ndani, akakung'uta kitenge. Hakuharakisha, nami nikaridhika naye. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna.

"Mama, unatuchelewesha bwana!" mtu akapiga kelele. "Tuna safari!"

Sikuhitaji kugeuka. Alikuwa Festo, na nilimsikia vizuri, alikuwa amezunguka na baiskeli yake mpaka upande wa kulia.